Muulize Mwalimu: "Nyathina, mimi ni dani, unanifundisha mpira?"

Habari za masiku mwalimu. Niko Nyalenda hapa Kisumu, jioni nafundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa kachumba ka kanisa. Tulianza kumi na nne, wengi ni akina mama wa omena na mboga, na kuna wazee watatu, mmoja ni wochi. Mimi si mwalimu wa kusomea, nilimaliza form four wakaniambia wewe unajua kusoma si ufunze hawa. Kitabu niliazima kwa nasari ya jirani, ile ya a ni ya andazi, na kijana anacheza mpira. Wiki ya tatu wamebaki sita. Mama mmoja wa wale waliacha nilikutana naye sokoni nikamuuliza mbona siku hizi hukuji, akacheka akaniambia nyathina, mimi ni dani (yaani mwanangu, mimi ni nyanya), na wewe unanifundisha mpira? Nataka kutengeneza vitu vyangu mwenyewe lakini sijui nianzie wapi, pesa sina, niko na simu tu na kuna saiba hapa wanafanya fotokopi kumi kumi. Nisaidie.
Mwalimu wa jioni, Nyalenda

Mwalimu mwenzangu (ndio, wewe ni mwalimu, hiyo ya kusomea tutaongea siku ingine), huyo dani amekupa jibu lote na hajakutoza kitu. Mtu amelea watoto sita, anajua omena itapanda bei kabla redio haijasema, anashika pesa ya chama, halafu jioni akiwa amechoka anakalishwa kwa kiti cha nasari magoti yanagusa kidevu anaambiwa sema a, andazi. Kusoma anataka, kufanywa mtoto ndio amekataa. Mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84, akavaa kaptula na soksi ndefu kama wale watoto wengine na dunia nzima ikamjua, lakini kilichomtoa nyumbani kilikuwa kitu cha mtu mzima, alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Kila mtu kwa hicho kachumba chako ako na kitu kama hicho na kazi yako ya kwanza ni kukijua.

Kwa hivyo kabla hujashika kalamu, keti nao jioni moja bila kitabu, uliza tu: wiki hii, ni wapi maandishi yalikusumbua? Usiulize "unataka kujifunza nini", hapo watakujibu "kusoma" na mtabaki mkiangaliana. Uliza maandishi yalikusumbua wapi. Mmoja atasema alipewa dawa ya mtoto kwa ile bahasha ndogo imeandikwa 1x3 akaona aibu kuuliza. Mwingine fomu ya basari, alimpa kijana wa jirani ajaze na sasa mtaa wote unajua shida yake. Wochi atakuambia kile kitabu cha wageni cha pale geti, anaandikisha watu na hawezi kusoma waliandika nini. Kadi ya kliniki, kitabu cha chama, meseji ya M-Pesa, kibao cha matatu. Andika zote. Hiyo ndio silabasi yako ya mwaka mzima na haujatoa hata ndururu.

Alafu omba wakuletee hivyo vitu vyenyewe. Bahasha ya dawa ikiisha usitupe, leta. Pakiti ya unga, leta. Utashangaa vile kikapu kimejaa maandishi. Pakiti ya unga wanaijua kwa rangi na picha, sasa wewe kata lile neno tu, ondoa rangi, ondoa picha, uone kama bado analijua. Akilijua anasoma, asipolijua bado ni rangi inamsomea, na hapo hapo umepata somo la kesho.

Sasa neno la kwanza. Mimi kwa darasa lako ningeanza na OMENA, na sio kwa sababu ya kuwafurahisha peke yake. Angalia: o-me-na. Panga familia ya me: ma me mi mo mu. Familia ya na: na ne ni no nu. Ongeza a e i o u. Basi, hizo silabi kumi na tano, waambie wajitengenezee maneno wenyewe, na usiwasaidie haraka. Watapata mama. Mimi. Nani. Neno. Mume (hapo watacheka, acha wacheke). Nane. Nunua. Kwa sababu mko kanisani watapata amina, imani, amani. Na jioni hiyo hiyo ya kwanza mtu ambaye hajawahi kuandika kitu anaweza kuandika sentensi nzima ya kweli: mimi nina omena. Aibebe aende nayo nyumbani, amwonyeshe mjukuu.

Huu ujanja si wangu. Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, aliufanya kwa mji wa Angicos 1963 na wafanyakazi kama 300, kwa masaa 40 hivi tu. Neno moja alilokuwa analitumia na watu wa mjengo ni tijolo, yaani tofali kwa Kireno, ti-jo-lo, kwa sababu tofali wanalijua kwa mikono. Kabla ya kuligawa wanaliongelea kwanza: nani anatengeneza tofali, nani analala kwa nyumba ya tofali. Wewe pia fanya hivyo, omena inatoka wapi, nani anaweka bei, mbona anayeanika juani ndio anabaki na kidogo. Dakika kumi za mabishano na watakuwa wamesahau wako darasani. Na shukuru unafundisha kwa Kiswahili, lugha inaandikwa vile inasemwa, ujanja huu kwa Kiingereza ungekutoa jasho.

Tahadhari moja, usirukie samaki wengine haraka. Mbuta ina mb, ngege inaanza na ng, hiyo ni herufi mbili kwa sauti moja, weka mwezi wa pili. Ng'ombe na kile kialama chake cha juu akuje baadaye kabisa.

Na kwa vile uko Kisumu utaona kitu kingine, mtu anaandika "samba" akimaanisha shamba, "sule" akimaanisha shule. Dholuo haina hiyo sauti ya sh, kwa hivyo mama ameandika kile sikio lake linasikia, amefanya kazi vizuri kabisa! Ukimpiga kalamu nyekundu umemkosea. Tengeneza vikadi vya mbili mbili: suka na shuka, soka na shoka. Mama anasuka nywele, mama anashuka matatu. Wakisema wakasikiliza wakacheka, polepole sikio linafunguka.

Tuingie kwa karatasi yenyewe sasa, kwa sababu hapa ndio watu wengi wanaharibu hata kama maneno ni mazuri. Macho ya kusoma karibu yanaanza kuchoka mtu akipita arobaini hivi, na darasa lako ni usiku, na balbu ni moja. Wale unafikiri ni wazito wa kuelewa, angalia kama wanasukuma karatasi mbali na uso, hao hawaoni tu, waambie wapimwe macho, miwani ya kusomea inaweza kukufanyia kazi kuliko vikadi vyako vyote. Wewe andika kubwa. Kwa kompyuta ya saiba usishuke chini ya saizi 16, mimi naweka 18. Kuna fonti ya bure inaitwa Andika, ndio jina lake hivyo hivyo kwa Kiswahili, ilitengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, herufi a yake ni ile ya mviringo kama ya mkono, na moja, l ndogo na I kubwa hazifanani, yule kijana wa saiba anaweza kukuwekea. Kama huna kompyuta, mkono wako na maka nyeusi ziko sawa, wacha tu maringo ya mkia kwa kila herufi.

Usiandike kila kitu kwa herufi kubwa ukidhani ndio inaonekana vizuri, neno likiwa lote kubwa linakuwa kama boksi na yote yanafanana. Herufi kubwa wafundishe kando kwa kitambulisho, maana majina ya kitambulisho yameandikwa hivyo, na kila mtu anataka kujua kusoma jina lake kwanza. Acha nafasi. Karatasi moja, jambo moja. Mstari ukatike pale mtu anavuta pumzi, sio pale karatasi imeisha. Anzia kushoto mistari yote na usivute hadi kulia ili inyooke, inaacha mashimo katikati ya maneno na msomaji mpya anaanguka ndani. Laminesheni inapendeza lakini chini ya balbu inang'aa kama kioo, jaribu moja kwanza kabla ya kulipia zote.

Picha. Hapo wacha nikuambie aibu yangu. Nikiwa upande wa Kakamega, mwaka wangu wa kwanza na ngumbaru, nilichora manila kubwa ya kuonyesha vile unachanganya maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayehara, picha nne na mishale ya kutoka picha moja hadi ingine, nikajiona msanii. Nikauliza mnaona nini hapa. Kimya. Halafu mzee mmoja kwa heshima zote akauliza, mwalimu, hii mikuki inarushiwa nani? Nilikuwa nimesahau kwamba mshale wa kuonyesha njia ni maandishi pia, lazima mtu aufundishwe. Siku hizi napanga picha kama mistari, kushoto kwenda kulia, na namba juu. Na sichori mkono peke yake bila mtu. Piga picha za vitu vyao kwa simu, lakini jua picha ya simu ikipita kwa fotokopi inatoka doa jeusi, afadhali uiweke chini ya karatasi nyembamba ufuatishe mistari kwa maka, yale ya nyuma yote uyaache.

Alafu jaribu kabla ya kutoa kopi kumi na nne. Mpe mmoja, nyamaza kabisa (hii ndio ngumu zaidi kwa sisi walimu), angalia kidole chake. Pale kidole kinasimama, hapo ndio umekosea wewe. Rekebisha, jaribu na mwingine, ndio uende saiba. Kumi kumi ni pesa.

Jambo la mwisho kwako. Darasa la watu wazima haliendi kama la shule, leo soko, kesho matanga, Jumamosi yote ni mazishi, mtoto ameshikwa na malaria. Ukitengeneza somo la nne ambalo halieleweki bila la tatu, mtu akikosa siku moja amepotea na hatarudi, ataona haya. Kila karatasi isimame yenyewe. Na iwe ndogo, nusu ya A4, ya kukunja ikaingia kwa fundo la leso, maana kuna wengine hawajaambia hata bwana nyumbani wanaenda wapi jioni. Aibu hii ni kubwa kuliko tunavyofikiri na haina sababu, ule uchunguzi wa kitaifa wa 2007 ulikuta asilimia 38.5 ya watu wazima Kenya hawajafika hata kile kiwango cha chini cha kusoma. Waambie hiyo namba. Halafu mtafute huyo dani, usiende na kitabu, nenda umuulize omena ni pesa ngapi leo.

Mwalimu, mimi ni wa Kaptembwo, Nakuru. Kikundi changu ni wauza mitumba na mama mboga, hesabu kwa kichwa wananishinda hata mimi, lakini nikiandika ubaoni 1,250 toa 475 wanaganda kama wameona nyoka. Shida ni nini?

Shida ni ubao. Hiyo hesabu wanaifanya mara hamsini kwa siku, tena na mteja anawapigia kelele, wanatoka 475 wanapanda hadi 500, halafu hadi elfu, halafu ile juu, wanarudisha chenji. Wewe umewaletea ile ya kukopa kwa jirani inayoanzia kulia, kitu hawajawahi kuhitaji. Kwa hivyo usiwafundishe kuhesabu, wanajua. Wafundishe kuandika kile tayari wako nacho kichwani, na kwanza waulize wakuelezee wanafanyaje, wewe ndio uandike vile wanasema. Utajifunza kitu.

Penye kuna shida ya kweli ni pale namba ndefu inaandikwa. Mwambie mtu aandike elfu mbili na hamsini, wengi wataandika 200050, na ukiangalia wako sawa kabisa, wameandika elfu mbili wakaandika hamsini! Dawa yake ni pesa. Kata manila utengeneze noti za elfu na za mia, na sarafu za kumi na za moja. Za mia mbili, mia tano na hamsini weka kando kwanza, hizo zinavuruga. Na tafadhali usifotokopi noti halisi, utatafutwa. Chora safu nne, kila aina ya pesa na safu yake. Elfu mbili na hamsini: noti mbili za elfu, safu ya mia haina kitu, kumi tano, moja hakuna. Ile safu tupu, mtu aiwekee kitu cha kusema hapa palikuwa tupu, na huyo ndio sufuri. Nimeona mama akipiga paja lake akasema kumbe sufuri ni kiti cha mtu hajakuja. Mpaka leo natumia hiyo.

Kuzidisha na kugawanya usitafute mbali. 2x3 kwa bahasha ya dawa ni mbili mara tatu kwa siku, dawa ya siku tano inakuwa vidonge vingapi, umepewa sawa ama umepunjwa? Gunia la mahindi ni kilo 90, gorogoro kama kilo mbili, ni gorogoro ngapi, ukiuza hivi na ulinunua hivi unabaki na nini. Kugawanya hiyo tayari.

Na usisahau saa. Kadi ya kliniki inasema 2:00 PM, mtu anaifahamu kama saa nane, na tarehe imeandikwa 07/09. Chora saa moja kubwa yenye namba za kizungu ndani na saa zetu nje, ibaki ukutani siku zote. Hiyo peke yake imeokoa watu safari za bure.

Naweza kutumia Biblia kama kitabu cha kusomea? Wengi ndio wanaitaka. Ni mimi, Mumias.

Unaweza, lakini chunga. Zaburi ya 23 wengi wanaijua kwa moyo, watakusomea yote wakiwa wameshika kitabu juu chini. Ukitaka kujua kama ni kusoma, andika mstari mmoja kwa vikadi, neno moja kwa kila kikadi, uvichanganye, wapange wenyewe. Hapo kule kujua kwa moyo kunageuka msaada, kwa sababu wanajua neno gani linafuata na jicho linalitafuta. Lakini usianze na ukurasa wenyewe, maandishi ni madogo na safu mbili, hata mimi siku hizi naomba taa. Na kama kuna Mwislamu kwa darasa, muulize yeye angependa nini, usimlazimishe.

Mwalimu, mimi ni kijana wa Bungoma nafanya kazi mbali. Mama yangu ako na miaka 62, hajui kusoma. Mwezi jana alipata meseji ati ametumiwa pesa kimakosa, akarudisha elfu tatu, kumbe hakuna kitu kiliingia. Sitaki asome vitabu, nataka tu asiibiwe tena. Nitamtengenezea nini?

Pole kwa mama. Hapa karatasi moja inatosha, lakini itengeneze vizuri.

Chukua meseji mbili, moja ya kweli ambayo ameshapokea na moja ya hao wezi. Zinakiliwe kwa mkono, kubwa, upande kwa upande. Mfundishe vitu viwili tu vya kuangalia. Cha kwanza, juu kabisa: ya kweli inatoka kwa jina MPESA, ya wezi inatoka kwa namba ya simu ya mtu. Hizo herufi tano azijue kama anavyojua uso wa mtoto wake, azichore hata kwa mchanga akipenda. Cha pili, salio. Kila jioni aangalie salio lake mwenyewe na aandike kwa kadaftari, namba tu, hakuna maneno. Meseji ya pesa ikiingia anaangalia salio lenyewe kwa simu, kama halijaongezeka hakuna pesa, hata huyo wa simu akilia machozi. Namba wengi wasiosoma wanazijua tayari, si anapiga simu? Kwa hivyo usimwanzishe na a e i o u, anza na zile anazijua.

Maelezo mwekee kwa sauti yako, kwa Lubukusu, hiyo mambo ya pesa aisikie kwa lugha anaamkia nayo. Kama simu yake ni kabambe haiwezi WhatsApp, mwambie mjukuu amwekee sauti kwa kadi ya memori, zingine zinaweza. Na uibandike hiyo karatasi ndani ya mlango wa kabati, sio sebuleni wageni wanaona.

PIN usiiandike popote kwa hiyo karatasi. Najua utaona kama ni msaada. Nimeona karatasi nzuri sana, herufi kubwa, picha safi, imetengenezwa na mtoto kwa upendo wote, na pale chini, kwa maka nyekundu, PIN.